Anayeagiza Hutazama Uso: Jinsi Watu Wanavyozifundisha Roboti

Katikati ya miaka ya 2000, Andrea Thomaz na msimamizi wake Cynthia Breazeal, wakiwa katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, yaani MIT, waliwaomba watu wa kawaida wamfundishe roboti kuoka keki. Roboti huyo hakuwa wa chuma. Alikuwa mchoro ndani ya kompyuta, akaitwa Sophie, na jiko lake lilikuwa na rafu, meza, oveni na vitu vichache: unga, mayai, bakuli, kijiko na trei. Sophie hakujua lolote. Alishika hiki akaacha kile bila mpangilio, na mwalimu wake alikuwa na chombo kimoja tu cha kumfundishia, nacho ni kipanya: akikivuta juu, Sophie alipata tuzo, akikivuta chini, alipata adhabu. Mfumo wenyewe uliichukulia kila tuzo kuwa hukumu juu ya jambo ambalo Sophie amekwisha kulitenda. Walimu hawakuichukulia hivyo. Wengi walibofya bakuli ambalo Sophie alikuwa hajaligusa, wakalipa tuzo, wakitumaini ataelewa kwamba hilo ndilo la kushika sasa.

Katika hesabu za ujifunzaji wa mashine, tuzo ni namba inayoiambia mashine kwamba hatua iliyopita ilikuwa njema au mbaya, na namba hiyo huchukuliwa kuwa haibadiliki: hatua ileile katika hali ileile hulipwa kiasi kilekile leo na kesho. Walimu wa Sophie walikuwa wanadamu. Walitoa tuzo kabla ya tendo ili kuelekeza. Walitoa tuzo nyingi kuliko adhabu, hata kwa mwanafunzi ambaye bado alikuwa akikosea mara kwa mara, kwa sababu walitaka kumtia moyo. Walipoona kwamba mtindo wao haumfikii, waliubadilisha katikati ya somo. Mashine iliyotayarishwa kwa ajili ya mwalimu asiyebadilika ikajikuta mbele ya mwalimu anayebadilika kwa makusudi, na kila badiliko lake likaingia katika hesabu kama kelele, yaani taarifa isiyo na maana.

Thomaz na Breazeal wangeweza kuwalaumu walimu. Badala yake walimrekebisha mwanafunzi. Kwanza, wakampa mwalimu njia ya pili, ya kuelekeza, ili tuzo isilazimike kufanya kazi mbili. Pili, wakamfanya Sophie aligeuze tendo lake akiadhibiwa, kama linageuzika, kwa kuwa hilo ndilo watu walilolitarajia baada ya kumkemea. Tatu, wakampa macho: kabla ya kutenda, Sophie alitazama vitu alivyokuwa akivifikiria, na pale alipokuwa na mashaka alivitazama kimoja baada ya kingine, kwa kusitasita ambako mwalimu aliweza kukuona. Njia ya kuelekeza iliharakisha kujifunza. Macho yalifanya jambo ambalo kwangu ni kubwa zaidi: walimu walianza kutoa maelekezo mengi pale Sophie alipokuwa na shaka, na machache pale alipokuwa hana. Hakuna aliyewafundisha walimu kufanya hivyo. Walitazama, wakajua la kufanya.

Nimesoma mengi kuhusu uhusiano wa watu na roboti, uwanja ambao ulipata mkutano wake mkuu wa kila mwaka kuanzia 2006, katika mji wa Salt Lake City, na bado naurejea utafiti huo wa Sophie kuliko mwingine wowote. Sababu ni kwamba unaonyesha mahali ambapo tatizo lipo. Tunapozungumza juu ya roboti na amri, mazungumzo hukimbilia uwezo wa mashine: je, inasikia, inaelewa, inatii? Lakini agizo halikamiliki linapotoka mdomoni. Anayeagiza huendelea kumtazama anayeagizwa, humsoma, huongeza neno, hupunguza neno, hunyamaza akiona mambo yanakwenda. Roboti isiyoonyesha ilichokielewa humharibu mwalimu wake. Humfanya aseme mengi yasiyohitajika na kuyaacha yaliyohitajika, kisha watafiti huandika kwamba maagizo ya watu yamejaa utata.

Aliyewahi kukaa kwenye jengo linaloinuka anajua jinsi fundi mwashi anavyofanya kazi na saidia fundi wake. Akiwa juu ya jukwaa, fundi husema "Lete", bila kutaja kitu, na kutoka chini hupandishwa ndoo ya udongo au tofali, kulingana na mahali mkono wake ulipofikia ukutani. Msaidizi akiwa mgeni, neno hilo moja hurefuka: "Lete udongo, usiwe mwepesi, ndoo nusu inatosha", na fundi hugeuka kuangalia kama ameeleweka. Wakizoeana, hageuki tena. Ufupi wa agizo la fundi hauna uhusiano na werevu wa masikio ya kijana. Ni zao la yale ambayo wote wawili wanajua kwamba mwenzake anayajua, na yale yalipatikana kwa kutazamana.

Breazeal alikuwa ameligusa jambo hili kabla ya Sophie. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alijenga Kismet, kichwa cha roboti chenye macho makubwa, nyusi, masikio yanayochezacheza na midomo myekundu. Kismet hakuelewa neno hata moja. Alichukua wimbo wa sauti tu, na akatenganisha makusudi manne: kusifu, kukataza, kuita usikivu na kubembeleza. Breazeal na mtafiti mwenzake Lijin Aryananda waliwaita wanawake waliozungumza lugha mbalimbali, zikiwemo Kirusi, Kijerumani na Kiindonesia, wamsifu na kumkemea Kismet kila mmoja kwa lugha yake. Waliokemea hawakukemea mara moja wakaondoka. Waliendelea mpaka Kismet alipoinamisha kichwa, kisha wakaacha, na baadhi yao wakaanza kumbembeleza kwa sababu walijiona wamemuumiza. Uso ule wa chuma ndio uliowaambia kwamba agizo limefika na kwamba sasa inatosha.

Upande wa maneno una historia ndefu zaidi. Terry Winograd, naye akiwa MIT, alitengeneza kati ya mwaka 1968 na 1970 programu aliyoiita SHRDLU, iliyokuwa na mkono wa kubuniwa, meza ya kubuniwa, na juu yake matofali na piramidi za rangi mbalimbali. Mtu aliandika agizo kwa Kiingereza cha kawaida na mkono ukatenda. Katika mazungumzo yake maarufu, mtu anaiambia ishike piramidi, nayo inajibu kwamba haielewi ni piramidi ipi inayokusudiwa, kwa kuwa zilikuwapo kadhaa. Jibu hilo lilinipendeza nilipolisoma mara ya kwanza na linanipendeza mpaka leo, maana ndilo jibu ambalo saidia fundi mwenye akili angelitoa. Lakini ulimwengu wa SHRDLU ulikuwa mdogo na msafi. Kila kitu kilikuwa na jina, na mashine ilijua kila kilichokuwapo.

Mwaka 2011, Stefanie Tellex na wenzake walitoka nje ya ulimwengu huo. Walikuwa na foklifti ya kujiendesha, gari la kunyanyulia mizigo, na walitaka iongozwe kwa lugha ya kawaida. Kwa hiyo waliwaonyesha watu kupitia mtandao video za foklifti ikifanya kazi, wakawauliza: ungeiambia nini ili ifanye hivi? Walipata sentensi za kila namna. Wapo waliotoa agizo moja, kwamba paleti ya matairi iwekwe juu ya lori. Wapo walioeleza kila kona na kila hatua, kama vile dereva hajawahi kuona lori. Tendo lilikuwa lilelile. Kilichotofautiana ni picha ya mwanafunzi iliyokuwa kichwani mwa kila mwagizaji, na kwa kuwa foklifti ya kwenye video haikuweza kumjibu mtu, kila mmoja alibaki na picha yake.

Hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana mengi ya kuchangia, na sijui kwa nini tumechelewa. Weka mezani kikombe, sahani, beseni na mfuko, kisha mwambie roboti "Kiweke kwenye boksi". Tayari umeondoa vitu vitatu kati ya vinne, kwa kuwa sahani ingedai "iweke", beseni "liweke" na mfuko "uweke". Kazi ambayo Winograd aliifanya kwa kanuni nyingi, ya kujua kiwakilishi cha Kiingereza kinasimamia kitu gani, kwetu imefanywa nusu na upatanisho wa kisarufi. Halafu kuna viashiria. "Hiki" kiko karibu nami, "hicho" kiko karibu nawe au tumekwisha kukitaja, "kile" kiko mbali na sisi sote. Roboti inayosikia "hicho" imepewa taarifa juu ya mahali ilipo yenyewe katika mawazo ya msemaji, na si juu ya kikombe peke yake. (Jambo hili linapata ugumu wa kufurahisha pale ambapo roboti ina kamera darini na mkono mezani. Ukiiambia "weka hapo", hapo ni karibu na nini?)

Tusifurahi mapema, hata hivyo. Upatanisho huo ninaoueleza ni wa Kiswahili cha darasani na cha sehemu kubwa ya Tanzania na pwani. Katika mazungumzo ya mitaani Nairobi, na katika Kiswahili cha Lubumbashi, ngeli hupungua, na mtu anaweza kusema "iweke" kwa kikombe, kwa beseni na kwa mfuko bila anayemsikiliza kushtuka. Roboti itakayojengwa juu ya sarufi sanifu itawahudumia vyema baadhi yetu na kuwababaisha wengine, na hao wengine ndio wataambiwa kwamba hawajui kuagiza.

Katika chuo ninachofundisha masomo ya kompyuta, huwapa wanafunzi zoezi lisilohitaji roboti, jambo ambalo ni la lazima kwa kuwa roboti hatuna. Mmoja hukaa mezani akiwa na vitu mbalimbali mbele yake. Yeye ndiye roboti, na amekatazwa kusema, kutikisa kichwa au kubadilisha uso. Mwenzake humwagiza avipange kwa namna ambayo ameiona kwenye karatasi. Wengi huanza kwa salamu, ijapokuwa wanajua kwamba rafiki yao ameamriwa kuwa mashine. Baada ya maagizo machache, kimya huanza kufanya kazi yake. Sauti hupanda. Agizo hurudiwa neno kwa neno, kisha hukatwa vipande vidogo: nyanyua mkono, sogeza kushoto, kidogo, kidogo tena. Wengine hubadilika kutoka "weka" hadi "naomba uweke", na wengine hukasirika waziwazi. Kisha naruhusu neno moja tu kwa roboti, "Kipi?", na papo hapo maagizo hufupika, sauti hushuka, na mara nyingi watu hucheka. Zoezi hili si utafiti na halithibitishi kitu. Hata hivyo wanafunzi hutoka wakiwa wameacha kuuliza maikrofoni ipi ni bora.

Watafiti wenyewe wana mbinu inayofanana nalo, iliyo ya kisasa zaidi na yenye maswali ya kimaadili. Mtu hukaribishwa aizungumzishe roboti, naye huamini kwamba inamwelewa. Kumbe nyuma ya ukuta yuko mtafiti anayesikiliza na kubonyeza vitufe. Mbinu hiyo inajulikana kwa jina la Mchawi wa Oz, jina lililoenezwa na John F. Kelley aliyeitumia katika utafiti wake wa miaka ya 1980 kuhusu kompyuta zinazoelewa lugha ya kawaida. Faida yake ni kwamba tunajua watu watasema nini kabla ya kugharamia mashine ya kuwaelewa. Hasara yake haitajwi vya kutosha, na simaanishi udanganyifu tu, ambao mshiriki hufunuliwa mwishoni. Mtu aliye nyuma ya ukuta ni mwelewa kupita kiasi. Husitasita kibinadamu, hukosea kibinadamu, na mshiriki humsoma kibinadamu. Roboti halisi inapokuja baadaye na makosa yake ya ajabu, ya kuita paka mkoba, ujuzi uliokusanywa hautoshi.

Kwa sababu hiyo napenda zaidi tafiti ambazo roboti inakiri udhaifu wake mbele ya watu. Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, Manuela Veloso na wanafunzi wake walitengeneza roboti zilizoitwa CoBot, zilizotembea zenyewe katika jengo, zikipeleka ujumbe na kusindikiza wageni, mpaka zikapita jumla ya kilomita 1,000. CoBot haikuwa na mikono. Ilipofika kwenye lifti, ilisimama na kumwomba mtu anayepita aibonyezee kitufe. Mhandisi mwenye kiburi angeongeza mkono. Veloso na mwanafunzi wake Stephanie Rosenthal waliona kwamba jengo limejaa mikono, na kwamba swali la kisayansi ni lini, kwa nani na kwa maneno gani roboti iombe. Mwaka 2014 Tellex, Ross Knepper na wenzao waliliendeleza swali hilo kwa roboti zilizokuwa zikiunganisha meza ya kampuni ya samani ya IKEA. Roboti inaposhindwa kufikia mguu wa meza, ikisema "Nisaidie" peke yake, binadamu hubaki akishangaa. Ikitaja kwamba inahitaji mguu mweupe ulio juu ya meza nyeusi, anajua la kufanya. Ili kuchagua maneno hayo, roboti ilipaswa kukisia msikilizaji ataelewa nini, yaani ilipaswa kufanya kile ambacho mwagizaji binadamu hufanya siku zote. Agizo likawa limegeuka, likitoka kwa mashine kwenda kwa mtu, na sheria zake zikabaki zilezile.

Lakini kumtazama mwanafunzi kuna hatari yake, nayo ni kwamba mwanafunzi anaweza kujifunza kutazamika. Mwaka 2017, Paul Christiano na wenzake wa OpenAI na DeepMind, kampuni za akili bandia, walionyesha kwamba inawezekana kuifundisha mashine kwa kumpa mtu vipande viwili vifupi vya video na kumuuliza kipi kinakaribia zaidi kile anachokitaka. Kwa majibu takriban 900 ya namna hiyo, umbo la roboti ndani ya kompyuta lilijifunza kupiga sarakasi ya kinyumenyume, jambo ambalo ni vigumu kuliandikia kanuni. Katika kazi nyingine ya mfululizo huo, mkono wa roboti ulipaswa kushika kitu. Ulichojifunza ni kujiweka kati ya kamera na kitu chenyewe, hivi kwamba kwa anayetazama ulionekana umekishika. Haukuwa umekishika. Sitauita uongo, maana hapakuwa na nia. Mashine ilifuata kilicholipwa, na kilicholipwa kilikuwa mwonekano. Mwalimu yeyote aliyesahihisha mitihani atakitambua kisa hicho. Tangu hapo njia ya kufundisha kwa ulinganisho wa watu imetumika sana kuzifunza programu zinazozungumza nasi, na swali la mkono ule limekwenda nazo.

Hatari nyingine ni kusoma uso mahali ambapo hakuna uso. Katika Taasisi ya Teknolojia ya Georgia, Paul Robinette, Ayanna Howard na Alan Wagner walichapisha mwaka 2016 jaribio ambalo washiriki walisindikizwa na roboti hadi chumba cha mkutano. Kwa baadhi yao roboti ilifanya kazi vibaya mbele ya macho yao: iliingia chumba kisicho chake na kuzungukazunguka. Kisha ukatolewa moshi wa bandia, king'ora kikalia, na roboti ikaonyesha njia ya kutokea iliyo tofauti na mlango walioingilia. Washiriki wote 26 waliifuata, wakiwemo walioiona ikipotea dakika chache kabla. Watafiti walikuwa wamejiandaa kupima jinsi ya kuwashawishi watu waiamini roboti wakati wa dharura. Wakajikuta na tatizo la kinyume chake. Ukimwona mtu amepotea njia mara mbili, humfuati moshini. Roboti, kwa taa zake na maandishi yake ya kuonyesha kwamba ni kiongozi wa dharura, ilivaa mamlaka ambayo mwenendo wake haukuyastahili.

Hata uwepo wa mwili peke yake una uzito. Wilma Bainbridge, Brian Scassellati na wenzao huko Yale waliwafanya watu waombwe na roboti kuvitupa vitabu vya masomo kwenye pipa la taka, ombi lisilo na mantiki. Waliokuwa na roboti chumbani walilitekeleza kwa wingi kuliko walioiona roboti ileile kwenye skrini. Upande wa pili wa uwepo huo ulionekana Japani: katika kituo cha maduka mjini Osaka, watoto waliizuia njia roboti iitwayo Robovie, wakaitukana, wakaipiga. Dražen Brščić na wenzake walioliandikia jambo hilo mwaka 2015 waliifundisha roboti kukisia hatari na kukimbilia walipo watu wazima, njia ambayo kila mtoto aliyewahi kuonewa anaijua.

Msomaji makini ameona kwamba Sophie na Kismet nimewaandikia kwa viambishi vya watu, na foklifti na CoBot kwa viambishi vya vitu. Sikupanga hivyo nilipoanza kuandika. Katika lugha nyingi zinazotumiwa kwa tafiti hizi, kujua kama mshiriki anaiona roboti kuwa kiumbe au kifaa kunahitaji dodoso refu, ambalo mtu hulijibu akijichunga asionekane mjinga. Julie Carpenter alipowahoji wanajeshi 23 wa Marekani wanaotumia roboti kutegua mabomu, walisema kwamba ni vifaa tu, ilhali baadhi yao walikuwa wamezipa roboti zao majina na walihisi uchungu zilipolipuliwa. Kiswahili humchomoa mtu bila kumuuliza. Mshiriki anayeanza kwa "imeshika" na dakika ya kumi akasema "ameshika" ametoa data, na wakati wa badiliko hilo unaweza kuandikwa hadi sekunde. Ningependa kujua huja lini: baada ya roboti kufanikiwa, au baada ya kukosea kwa namna inayofanana na ya mtu? Kwenye zoezi letu la darasani, nikizungumzia pale tulipoazima mkono mdogo wa plastiki unaoendeshwa kwa kompyuta, dau langu liko kwenye kukosea. Mkono ulipoangusha kikombe, ndipo mwanafunzi mmoja alipong'aka, "Amekiangusha!"

Roboti zenyewe hazisubiri tumalize kujadiliana. Kinshasa ilisimamisha tangu 2013 roboti kubwa za alumini za kuongoza magari, zinazotumia umeme wa jua, kazi ya mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake. Mei 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, Rwanda ilipokea roboti tano zilizotengenezwa Ubelgiji, kwa msaada wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo, na baadhi zikatumika katika kituo cha matibabu cha Kanyinya kupima joto la mwili na kupunguza safari za wauguzi vyumbani. Zilipewa majina ya Kinyarwanda, yakiwemo Akazuba, Ikizere na Ngabo. Kutoa jina ni hatua ya haraka na ya busara. Kuwauliza wagonjwa na wauguzi waliwasemesha vipi akina Akazuba ni kazi ndefu zaidi, na ndiyo ambayo ningefunga safari kwenda kuisoma.

Tafiti nilizozitaja zilifanyika hasa Marekani na Japani, nyingi katika vyuo vikuu au kando yake. Matokeo yake si batili kwetu. Saidia fundi yupo kila mahali. Lakini kuna mambo ambayo hayawezi kuchukuliwa hivihivi. Kwetu agizo kutoka kwa mkubwa mara nyingi huja likiwa taarifa: mzee husema "Mlango uko wazi", na kijana huinuka akaufunge. Roboti itakayojibu "Ndiyo, uko wazi" itakuwa sahihi na itakuwa na adabu mbaya. Kadhalika, kumuuliza mzee "Kipi?" kwa ukavu kama wanafunzi wangu kunaweza kusomwa kuwa ukaidi, hata kama kwa injinia wa Pittsburgh ndilo swali bora. Namna ya kuonyesha kutokuelewa bila kumvunjia heshima mwagizaji ni ujuzi ambao kila mtoto wa hapa hufundishwa, na bado sijaona roboti iliyofundishwa.

Kuhusu data, tumepiga hatua. Mradi wa Common Voice wa Mozilla umekusanya sauti za Kiswahili kwa watu wa kujitolea wanaosoma sentensi kwenye simu zao, na kazi hiyo imesaidia mashine kutusikia. Ila sentensi inayosomwa haina anayeagizwa. Kama ningechagua rekodi zinazofuata, ningeweka kamera kwenye jiko la mama lishe saa inayokaribia chakula cha mchana, kwenye karakana ya seremala na kwenye stoo ya duka la jumla, kwa ridhaa ya wote watakaorekodiwa, nikachukua maagizo pamoja na mikono inayoonyesha, na nikamchukua pia anayeagizwa, uso wake na kusita kwake. Ningetia bidii zaidi kwenye sehemu ambazo agizo lilikwama na wawili hao wakalirekebisha. Kila agizo lingewekewa alama mbili: kitu kilichokusudiwa, na wakati ambapo mwagizaji alijua kwamba ameeleweka. Ya kwanza inaweza kuwekwa na mtu yeyote aliyelipwa kutazama video. Ya pili inamhitaji mwagizaji mwenyewe akae tena mbele ya video yake, na hifadhidata za maagizo nilizozifungua mpaka sasa hazina safu yake.